Semina ya Huruma Katika Maandiko: Msamaria, Bili ya Nyumba ya Wageni na Kitini cha Shilingi 15,000

Mabango ya semina za neno la Mungu jijini Dar es Salaam huahidi mambo makubwa: ndoa iliyochelewa, biashara iliyokwama, laana ya ukoo, viza iliyokataliwa. Tangazo la semina ninayoitathmini hapa liliahidi jambo moja tu, kwamba washiriki watasoma Maandiko yanayohusu huruma na kujadili namna ya kuyatenda, na huenda ndiyo sababu ukumbi haukujaa hata jioni moja. Iliandaliwa na usharika mmoja wa Kiprotestanti, ambao sitautaja kwa jina kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatawapendeza waandaaji, na ilikuwa wazi kwa Wakristo wa madhehebu yote. Ada ilikuwa shilingi 15,000, pamoja na kitini, chai ya maziwa na andazi. Mimi ni mshirika wa kanisa jingine. Nilikwenda kwa sababu kamati yetu ya huduma kwa wahitaji ilikuwa imechoka kugawa mchele kila Pasaka na kila Krismasi bila kujua kama mchele ule unamsaidia mtu au unatutuliza sisi wenyewe.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotea kwa sababu mbili nitakazozieleza kwa kirefu, yaani somo moja kubwa lililokimbizwa na ziara moja iliyoharibiwa na kamera. Nyota nne nyingine zimepatikana kwa haki, kwa sababu mwalimu aliifundisha huruma kama kazi: ina gharama zake, ina muda wake na ina adabu zake, na Maandiko yameyaandika hayo kwa undani ambao wahubiri wetu wengi huuruka wakiwahi kufika mahali pa kuwaliza watu.

Jioni ya kwanza yote ilitumika kwa Luka 10:25-37, mfano wa Yesu kuhusu msafiri aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, akapitwa na kuhani na Mlawi, mhudumu wa hekalu, kisha akaokolewa na Msamaria, mtu wa kabila lililochukiwa na Wayahudi, na hapo ndipo nilipoona kwamba ada yangu haikupotea. Nilitarajia kusikia lawama zilezile kwa kuhani na Mlawi, lakini mwalimu, mchungaji mstaafu mwenye sauti ya chini na mwandiko mzuri ubaoni, alianza na barabara. Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni mwendo wa kilomita 27 hivi, na katika mwendo huo msafiri hushuka karibu mita 1,000, kutoka mji ulio juu milimani hadi mji ulio chini ya usawa wa bahari, akipita kwenye makorongo makavu yenye maficho kila kona. Alipokwisha kuichora njia hiyo ubaoni, aliuliza swali lililounyamazisha ukumbi: kuhani alikuwa anaelekea wapi? Luka anasema alikuwa akishuka kwa njia ile, maana yake alikuwa anatoka Yerusalemu. Utetezi tuliozoea kuusikia, kwamba alichelea kunajisika kwa kugusa maiti kabla ya zamu yake hekaluni, kwa kuwa Walawi 21 inawakataza makuhani jambo hilo, unapungua nguvu palepale, kwa sababu mtu anayetoka kazini hana zamu ya kuiwahi.

Kisha akaturudisha sura moja nyuma. Katika Luka 9 kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu, na Yakobo na Yohana wanataka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze kijiji hicho. Msomaji wa Luka, basi, anakutana na Msamaria wa sura ya 10 akiwa bado na kinyongo kibichi cha kijiji kile, na ndiyo maana mwanasheria, alipoulizwa ni yupi aliyekuwa jirani, alijibu kwamba ni huyo aliyemwonea huruma, bila kulitaja kabila. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alicheka kwa sauti aliposikia hivyo, akasema kwao kijijini nako kuna watu ambao hata wakikujengea nyumba utasema umejengewa na "mtu fulani". Mwalimu alimwambia, "Mama, wewe umeshaelewa, sasa tusaidie wengine."

Kilichonifanya niandike pembeni mwa kitini changu, hata hivyo, kilitoka mahali ambapo sikupatazamia kabisa, yaani 2 Nyakati 28. Jeshi la Israeli ya kaskazini limewashinda watu wa Yuda na linawapeleka mateka wao Samaria. Nabii aitwaye Odedi analitokea na kulikemea, na baadhi ya wakuu wa Efraimu wanamuunga mkono. Mstari wa 15 unaeleza kilichofuata: waliokuwa uchi wakavikwa, wakapewa viatu, wakalishwa na kunyweshwa, wakapakwa mafuta, wanyonge wao wakapandishwa juu ya punda, na wote wakapelekwa mpaka Yeriko. Yamo humo mavazi, mafuta, mnyama wa kubeba aliyedhoofika, na Yeriko yenyewe. Mwalimu anaamini kwamba Yesu alikuwa anamkumbusha mwanasheria ukurasa wa Maandiko aliyoyasoma tangu utoto, ukurasa ambao tayari ulikuwa na watu wa Samaria wakimhurumia adui yao. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kusikia sura hizo mbili zikisomwa pamoja. Kama semina ingeishia hapo, ningerudi nyumbani nimeridhika.

Haikuishia hapo. Tuligawanywa katika makundi madogo, kila kundi likapewa karatasi yenye habari moja: kijana wa bodaboda amegongwa barabara ya Morogoro, maeneo ya Kimara, saa mbili usiku, aliyemgonga amekimbia, nanyi mnapita hapo kwa gari mkitoka kwenye kikao cha harusi. Tulitakiwa kuandika kila tutakachofanya na kila kitakachotugharimu. Kundi letu liliandika kwamba tutampeleka hospitali na kumwombea. Mwalimu alizikusanya karatasi zote, akazisoma kimyakimya, akaturudishia, akauliza: nani ameshika shingo ya kijana wakati wa kumpakia? Nani amebaki na pikipiki yake ili isiibwe? Nani anakwenda kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo majeruhi wa ajali hutakiwa kuwa nayo hospitalini, na nani anabaki naye mapokezi? Polisi wakidhani ni ninyi mliomgonga, mtasema nini? Simu yake imefungwa kwa nywila, ndugu zake mtawapataje?

Dereva mmoja wa daladala alisimama na kusema kweli bila kuipaka rangi: madereva wengi hupita kwa sababu ya kuogopa kuhesabiwa kuwa ndio waliogonga, na wenye abiria huogopa pia kupoteza hesabu ya tajiri kwa usiku mzima wa maelezo kituoni. Mwalimu hakumkemea. Alisema barabara ya Yeriko nayo ilikuwa na hofu yake ya haki, kwa kuwa mtu aliyelala njiani angeweza kuwa chambo cha wanyang'anyi, na kwamba Luka hakuandika kuwa Msamaria hakuogopa, bali aliandika alichofanya, kitendo baada ya kitendo: akakaribia, akamfunga jeraha, akampandisha, akampeleka, akamtunza. Tulipoziandika karatasi upya, ya kundi letu ilijaa pande zote mbili, na chini kabisa tukaweka jumla ya fedha, ya saa na ya watu. Kwa wanaoandaa mafunzo ya aina hii, zoezi hilo peke yake linastahili kuigwa.

Tukafika kwa mwenye nyumba ya wageni, mtu ambaye mahubiri karibu yote humsahau. Msamaria alimpa dinari mbili, na kwa kuwa Mathayo 20 inaonyesha dinari moja kuwa ujira wa kibarua wa siku moja, hayo yalikuwa malipo ya siku mbili za jasho, tena pamoja na ahadi isiyo na kikomo: "cho chote utakachogharimu zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa." Hapo mwalimu alimkaribisha mgeni, afisa ustawi wa jamii mstaafu, ambaye alieleza jambo ambalo waumini wengi hawalijui. Hospitali zetu za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, na mgonjwa asiye na uwezo anaweza kuombewa msamaha wa gharama kupitia ofisi hiyo, lakini mara nyingi ndugu hawajui pa kuanzia, hawana barua ya serikali ya mtaa, au wanaona aibu kusema hawana kitu. Alisema kanisa ambalo haliwezi kulipa bili ya mgonjwa hata moja linaweza kumtoa mtu mmoja anayejua milango ya kugonga, naye akaenda na familia hadi karatasi zikamilike. Ushauri huo tumeuchukua kwenye kamati yetu, na ndio uliotufaa kuliko yote tuliyoyasikia.

Kitini kinataja kwa mstari mmoja tu kwamba hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa chini ya taasisi ya Kikristo yenye jina la Msamaria Mwema. Mstari mmoja ni haba mno. Habari za makanisa yaliyokaa pamoja kujenga hospitali ya rufaa zingefaa kuwa na ukurasa wake, na zingewaonyesha vijana kwamba mfano wa Luka 10 umewahi kugeuzwa kuwa vitanda, maabara na zamu za wauguzi hapahapa nchini. Ukurasa wa historia badala yake umekimbia kutoka Basili wa Kaisaria, aliyejenga makao ya wagonjwa na maskini huko Kapadokia katika karne ya 4, hadi mapadre waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwapokea watumwa waliokombolewa, kisha ukaishia hapo kana kwamba karatasi iliisha.

Jioni ya Ruthu, mjane mgeni aliyeokota masazo katika shamba la Boazi, ilikuwa tulivu zaidi, na kwangu ndiyo iliyokuwa na funzo kali kuliko zote. Sheria ya Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24 ilimtaka mwenye shamba asivune pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota masazo, wala asirudie mganda aliousahau. Vyote hivyo viachwe kwa maskini, mgeni, yatima na mjane. Mwalimu alitutaka tutazame jinsi Boazi alivyoizidi sheria hiyo bila kumfanya Ruthu ajione ombaomba. Aliwaagiza vijana wake wamwache aokote hata kati ya miganda, wasimfedheheshe, na tena wachomoe masuke kwenye matita kwa makusudi na kuyaacha njiani, ili ayaokote kama bahati yake. Wakati wa chakula alimkaribisha kuketi pamoja na wavunaji, akampa bisi, naye akala, akashiba, akasaza. Jioni Ruthu alipokipura alichookota akapata kama efa moja ya shayiri, kipimo kinachokadiriwa kuwa zaidi ya lita 20, akaibeba mwenyewe hadi kwa mkwewe pamoja na kile alichosaza mezani.

Ndipo mwalimu akauliza: katika ugawaji wetu wa vyakula makanisani, nani anabeba jasho lake nyumbani, na nani anaitwa jina mbele ya ibada apokee kilo mbili za sukari huku watu wakipiga makofi? Mzee wa kanisa mmoja alijitetea kwamba majina hutangazwa ili kuwe na uwazi wa hesabu. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, na mwalimu aliipa uzito wake kwa kusoma Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu liligawa chakula kila siku, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani wakasahauliwa, manung'uniko yakatokea, na mitume wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia. Inaelekea waliolalamika ndio waliokabidhiwa ghala. Uwazi wa hesabu, kwa mfano huo, ulipatikana kwa kuwapa wanaoteseka nafasi ya kusimamia, na haukuhitaji mtu yeyote kusimamishwa mbele ya kadamnasi. Aliongeza 1 Timotheo 5, ambako kuna orodha halisi ya wajane yenye masharti, umri wa miaka 60 ukiwa mmojawapo, na ambako familia zinaambiwa ziwatunze wazee wao ili kanisa lisilemewe. Wanaodhani kwamba utaratibu unaua huruma wangefaidika na jioni ile.

Kulikuwa na mshiriki, kijana nadhifu mwenye tabuleti, aliyenukuu 2 Wathesalonike 3:10 kuhusu asiyetaka kufanya kazi, kwa sauti ya mtu aliyeleta hoja ya kufunga mjadala. Mwalimu alimwomba asome mistari mitatu zaidi, mpaka pale Paulo anapowaambia ndugu wasikate tamaa katika kutenda mema, kisha tukaendelea.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu ya kwanza. Katika ratiba iliyochapishwa, jioni moja nzima ilitengwa kwa Kumbukumbu la Torati 24:6-15, yaani sheria za mkopeshaji na mwajiri. Siku hiyo matangazo ya harambee ya ukarabati wa ukumbi yalichukua nafasi kubwa kuliko kipindi chenyewe, na somo likapewa dakika chache za mwisho huku vikombe vikigongana nyuma. Ni sura ambayo jiji hili linaihitaji kuliko jingine lolote katika semina ile. Inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Inamtaka asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani, bali asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Ikiwa mdaiwa ni maskini na rehani yake ni vazi, irudishwe jua linapokuchwa ili apate kulala nalo. Na kibarua, awe ndugu au mgeni, alipwe ujira wake siku ileile kabla jua halijachwa, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake unautumainia ujira huo.

Mtu anayeishi uswahilini hahitaji kufafanuliwa sheria hizo. Anajua mikopo ya kausha damu, anajua vijana wanaoingia ndani na kutoka na jiko la gesi, cherehani au friji ya mama anayeuza maji ya barafu, yaani vifaa vilevile ambavyo deni lingelipiwa. Cherehani ya fundi ni jiwe lake la kusagia. Tangu mwaka 2018 nchi ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha inayowataka wakopeshaji wadogo wawe na leseni, lakini mdaiwa aliyekaliwa kooni na riba ya wiki hana muda wa kuuliza leseni, na baadhi ya wakopeshaji hao, tuseme ukweli, huketi viti vya mbele Jumapili na kutoa sadaka nono. Wengine tuko kwenye VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vya makanisa yetu, ambako mwanachama aliyeshindwa kurejesha hufuatwa nyumbani na kikundi kizima. Nilimwona mama mmoja ameinua mkono tangu mwanzo wa dakika zile chache, na akaushusha pale mshereheshaji alipotangaza kuwa chai iko tayari. Sijui alitaka kuuliza nini. Semina inayofundisha huruma ilipaswa kumsikiliza mama huyo hata kama andazi lingepoa.

Malalamiko ya pili yanahusu ziara ya wodini. Maandalizi yake yalikuwa mazuri kupita nilivyotarajia. Tulisoma Ayubu 2, ambako rafiki zake watatu wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona mateso yake ni makuu mno. Kisha mwalimu akasema kwa utani kwamba matatizo ya kitabu hicho yalianza walipofungua midomo. Tulifundishwa kutouliza ugonjwa, kutokaa juu ya kitanda cha mgonjwa, kutoahidi uponyaji, kunawa mikono, kumuuliza muuguzi wa zamu ni nani asiye na ndugu wa kumtembelea na kuanza na huyo. Tulisoma pia Yakobo 2, juu ya mtu anayemwambia aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Hivyo kila mshiriki alibeba sabuni, sukari, mafuta ya kujipaka na khanga moja.

Tulipofika wodini tukakuta kikundi cha habari cha usharika kimetangulia na kamera mbili na taa. Kila mgonjwa alikabidhiwa mfuko wake huku mtoaji akiombwa ageuke kidogo ili sura ionekane. Mgonjwa mmoja, msichana aliyefungwa bandeji mkononi, aliipokea khanga, akaikunjua palepale na kujifunika uso nayo hadi mpiga picha alipohamia kitanda kingine. Kabla hatujafika nyumbani picha zilikuwa zimeshasambazwa kwenye kundi la WhatsApp la semina, pamoja na aya ya Mathayo 25 iliyopambwa kwa maua. Mathayo 6:2-4, inayokataza kupigiwa panda mtu anapotoa sadaka, imo kwenye kitini ukurasa wa nne, na tulikuwa tumeisoma kwa sauti. Aliyeandika ratiba na aliyetuma kamera inaelekea hawakuwahi kukaa meza moja. Nilimweleza mratibu, naye akanijibu kwa upole kwamba wafadhili hutaka kuona picha. Ningemwelewa zaidi kama angepiga picha ya risiti za sabuni.

Nikumbushe kwamba wenye haki wa Mathayo 25 wanashangaa wanapoambiwa walimlisha na kumtembelea Bwana. Hawana kumbukumbu ya kutoa ushahidi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuonyesha hilo siku ya mwisho, na nilihisi alikuwa akijibu jambo la wodini bila kulitaja. Alilinganisha mshangao wao na wajane wa Yafa katika Matendo 9, ambao Dorkasi alipokufa walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Ushahidi wa kazi ya Dorkasi ulitolewa na waliosaidiwa, kwa hiari yao.

Kuhusu ukumbi nina machache. Uko ghorofa ya kwanza na ngazi ndiyo njia pekee ya kupanda, hivyo kaka mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa na vijana wanne kila jioni, ikiwemo jioni tuliyosoma Marko 2 juu ya mtu aliyepooza ambaye rafiki zake walilazimika kutoboa dari. Yeye mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo, lakini vyumba vya chini vilikuwepo, tena vitupu. Feni zilifanya kazi upande wa madirisha tu. Vipaza sauti vilikoroma, na mwalimu akaamua kuvizima, jambo lililokuwa heri kwa kila mtu. Kuanza kwa wakati kulikuwa kwa kubahatisha. Chai ilikuwa nzuri, yenye tangawizi ya kutosha.

Kitini chenyewe kimechapwa kwa karatasi nzuri na herufi za kusomeka hata kwa wazee, na aya zimenukuliwa kutoka tafsiri ya Union ambayo wengi wetu tumeikariri. Kasoro yake ni kwamba maswali ya majadiliano yamewekwa mwisho, yote kwa pamoja, badala ya kufuata kila somo, hivyo anayekisoma peke yake nyumbani atalazimika kuruka mbele na nyuma. Pia hakina hata nafasi ya kuandika. Mimi nilijaza pembeni na nyuma ya jalada. Kwa shilingi 15,000 silalamiki, ila mwenye kamati inayotaka kukitumia na apige nakala ya lile zoezi la bodaboda kwanza, maana karatasi yake ni ya kugawiwa ukumbini tu na haimo kitabuni.

Nani aende? Wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa jumuiya na wanakamati wa misaada watafaidika kuliko wote, kwa kuwa masomo yamelenga namna ya kutoa kuliko sababu ya kutoa. Mkristo anayetafuta faraja kwa msiba wake mwenyewe huenda akaona mafundisho ni makavu, na sidhani kama ni kosa la waandaaji. Tangazo halikuahidi faraja. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa ningewasihi wahudhurie kwa wingi, kwa sharti moja nitakalolitaja mwisho. Waandaaji wanasema semina itarudiwa wakati wa Kwaresima, na kujiandikisha ni katika ofisi ya usharika baada ya ibada ya pili. Atakayekwenda abebe Biblia ya karatasi kwa sababu mtandao ghorofani hushika kwa shida, akae upande wa madirisha, na siku ya Kumbukumbu la Torati 24 ainue mkono mapema kuomba kwamba matangazo ya harambee yasomwe baada ya somo.